Upande wa Pili wa Santuri

Katika nyimbo za mwanzo wa miaka ya 1970 ambazo wazee wetu wa Bukavu bado wanazipiga, ninaoupenda kuliko zote ni Soul Makossa wa Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kameruni. Wenzangu darasani husema wimbo huu uligunduliwa na Wamarekani. Mimi sikubali.

Mwaka 1972 Kameruni iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Dibango akatunga wimbo wa kuishangilia timu ya taifa. Huo ndio ulioshika upande wa kwanza wa santuri. Upande wa pili akaweka Soul Makossa: makossa, muziki wa Douala alikozaliwa, umechanganywa na soul ya Marekani. Timu ikafungwa na Kongo-Brazzaville katika nusu fainali, ikaambulia nafasi ya tatu. Nani angenunua tena wimbo wa kushangilia?

Ni kweli kwamba New York iliusambaza. David Mancuso, aliyekuwa akipiga santuri kwenye sherehe za nyumbani kwake, aliipata nakala katika duka moja la Brooklyn. Watu wakaitafuta madukani wakaikosa, na bendi za huko zikaharakisha kurekodi nakala zao. Mwaka 1973 wimbo wenyewe ukafika nafasi ya 35 katika orodha ya Billboard. Lakini kusambaza si kutunga. Mwaka 1961 Dibango alikuja Léopoldville, Kinshasa ya leo, akapiga na African Jazz ya Joseph Kabasele. Kwa hiyo sisi Wakongo nasi tuna sehemu yetu humo (hapo najua napendelea kwetu).

Suala la nani mwenye wimbo halikuwa la darasani tu. Michael Jackson alipotumia kiitikio chake katika albamu ya Thriller, mwaka 1982, Dibango alidai haki yake, wakamalizana nje ya mahakama kwa fedha. Kiitikio hichohicho kikasikika tena kwa Rihanna mwaka 2007, na mzee akarudi mahakamani Paris.

Alifariki Ufaransa Machi 2020 kwa korona, akiwa na miaka 86. Siku hiyo redio ya mtaani kwetu iliupiga Soul Makossa mara mbili mfululizo. Ule wa timu ya taifa sijausikia ukipigwa popote.