Mbwa, Wavu na Nguruwe wa Somanga

Anayelima mihogo Somanga, pwani ya Lindi kusini mwa Tanzania, ana adui mmoja tangu enzi za mababu: nguruwe pori. Kundi likiingia shambani usiku wa manane, alfajiri humkuta mwenye shamba akitazama matuta yaliyofukuliwa. Ndiyo sababu ya madungu ya kulindia mazao, na sababu ya kufuga mbwa.

Mbwa mwenyewe ni wa kienyeji: mwembamba, manyoya mafupi, mstahimilivu wa jua na njaa, anayeishi kwa makombo ya ugali na mifupa ya samaki. Hakuandikwa sana vitabuni. Ndugu yake wa misitu ya Kongo, basenji, alibahatika zaidi. Huyo habweki, hutoa sauti ya kuimba, na kwa kuwa hukimbiza mnyama kimya kimya, wawindaji humvisha kengele ya mti shingoni. Mwaka 1937 Olivia Burn aliwaonyesha basenji London, watu wakafurika kuwatazama.

Pwani mbwa ana hadhi ya namna yake. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini Sura ya al-Maida katika Kurani inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Nguruwe hakuliwa. Aliuawa ili watoto wapate mihogo.

Na hauawi na mtu mmoja. Wenye mbwa huswaga vichakani, wengine hungoja na mikuki nyuma ya wavu. Wajerumani waliuvuruga ushirika huo. Sheria ya Gavana Wissmann ya 1896 ilidai leseni ya kuwinda, kisha wanaume wa Umatumbi wakapangiwa zamu za kulima pamba Somanga, msimamizi nyuma yao na kiboko. Nani abaki kutandaza wavu? Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akiandika mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, aliwataja nguruwe waziwazi katika chimbuko la Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Mwisho wa Julai 1905 Wamatumbi waliteremka Somanga, wakaiharibu pamba ile pamoja na kituo cha biashara.

Leo hii, tishio kubwa kwa mbwa ni kichaa cha mbwa. Kuanzia 2010 Lindi na Mtwara zilikuwa ndani ya kampeni ya chanjo iliyoratibiwa na Shirika la Afya Duniani, lengo likiwa mbwa 70 katika kila 100. Mikoa hiyo ina bweha wengi wenye ugonjwa huo, na mbwa wa msasi hukutana nao porini kabla ya mbwa mwingine yeyote kijijini.