Mwanga hai: kuvu zinazomulika kwenye mti uliooza

Gogo lililooza likipasuliwa usiku, huweza kuonyesha kitu ambacho mchana hakionekani kabisa: nyuzi nyembamba zilizotapakaa chini ya gome, zikitoa mwanga hafifu wa kijani. Anayetaka kuziona hana budi kuzima tochi na kusubiri macho yazoee giza. Akiligusa gogo, halina joto lolote.

Wanasayansi huita hali hiyo bioluminesensi, yaani uwezo wa kiumbe kutengeneza mwanga mwilini mwake kwa njia ya kemia. Kwa Kiswahili, istilahi inayofaa ni mwanga hai. "Moto" haufai, kwa sababu hakuna kinachoungua. "Mng'ao" nao hautoshi: kiatu kilichopigwa rangi hung'aa na kioo hung'aa, lakini vyote viwili huazima mwanga wa jua au wa taa. Kimulimuli haazimi, na kuvu hizi haziazimi.

Mwanga huo hutokana na kemikali iitwayo lusiferini, ambayo huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho lusiferasi. Bila hewa, hakuna mwanga. Mwanasayansi Robert Boyle alilithibitisha hilo Uingereza mwaka 1667: alitia kipande cha mti chenye mwanga ndani ya chombo cha kioo, akaivuta hewa kwa pampu, na mwanga ukatoweka. Aliporudisha hewa, ukarudi.

Wakati huo chanzo chenyewe kilikuwa hakijajulikana. Watu waliona mti unaotoa mwanga, kumbe mwenye mwanga ni kuvu inayoula mti huo.

Neno "kuvu" nalo linahitaji uangalifu, maana wengi hulichanganya na "uyoga". Uyoga ni sehemu inayochomoza ili kutawanya chembe ndogo za uzazi ziitwazo spora. Mwili mkubwa wa kuvu ni zile nyuzi zilizojificha ndani ya mti au udongo. Katika kuvu za jenasi ya Armillaria, nyuzi ndizo zinazotoa mwanga, ilhali uyoga wake hautoi. Akiitaja Armillaria kuwa "uyoga unaong'aa", mwandishi amekosea mara mbili. Jenasi hiyo inafahamika pia kwa wakulima wa chai katika nyanda za juu za Kenya, ambako huozesha mizizi ya michai. Hujificha katika visiki na mizizi iliyobaki msitu ulipofyekwa, ndiyo maana wakulima hushauriwa kuving'oa kabla ya kupanda.

Mwanga hai uliwahi hata kupelekwa vitani. Nyambizi ya Marekani iitwayo Turtle, iliyoundwa na David Bushnell na kutumika mwaka 1776 dhidi ya meli ya Waingereza katika bandari ya New York, ilikuwa na vipande vya mti wenye kuvu hizo kwenye dira na kipima kina. Mshumaa ungemaliza hewa ya mwendeshaji.

Zipo kuvu ambazo uyoga wake pia hutoa mwanga, na hizo ndizo zinazostahili kuitwa "uyoga wenye mwanga hai". Mojawapo ni Neonothopanus gardneri ya Brazili, inayoota chini ya miti ya porini ya jamii ya mnazi. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba mwanga wake huongozwa na saa ya ndani ya mwili: huongezeka usiku na kupungua mchana. Waliweka msituni uyoga wa bandia wenye taa ndogo za kijani, na wadudu wakaufuata zaidi kuliko ule usio na taa. Wadudu wa aina hiyo wanaweza kubeba spora mahali ambapo upepo ni haba.

Huko Australia matokeo yalikuwa tofauti. Mitego iliyowekewa uyoga wa Omphalotus nidiformis, unaotoa mwanga mkali, haikunasa wadudu wengi kuliko mitego mingine. Kwa baadhi ya kuvu, basi, mwanga unaweza kuwa wito kwa wadudu. Kwa nyingine, huenda ni zao tu la kemia ya mwili.