Karatasi Iliyosimama: Mafunzo ya Vifaa vya Kujengea katika Chuo cha Bauhaus, 1919–1933

Katika Ulaya ya karne ya 19 msanifu wa majengo alifundishwa kwanza kuchora. Mfano ulioigwa na wengi ulikuwa ule wa chuo cha École des Beaux-Arts mjini Paris, ambako mwanafunzi alikaa miaka mingi mbele ya ubao wake, akitengeneza michoro mikubwa iliyopakwa wino na rangi za maji kwa ustadi wa kustaajabisha. Jiwe katika michoro hiyo lilikuwa kivuli tu. Halikuwa na uzito, wala halikupasuka, wala halikunywa maji ya mvua. Waashi na maseremala waliozijua tabia za mawe na mbao hawakuwa na nafasi katika chumba kile cha kuchorea.

Ujuzi wa namna hiyo hauji kwa kutazama. Fundi wa pwani ya Afrika Mashariki hakuhitaji kitabu kumweleza kwamba upana wa chumba cha nyumba ya mawe huamriwa na urefu wa boriti, na kwamba kwa sababu hiyo vyumba huwa virefu lakini vyembamba, aghalabu visivyozidi sana meta 3. Alijua pia kwamba tumbawe litolewalo baharini huchongeka kwa wepesi lingali bichi, na kwamba likiisha kukauka huwa gumu. Aliyajua hayo kwa kuwa alilelewa mkononi mwa fundi mwingine. Katika nchi za viwanda uhusiano huo wa fundi na mwanagenzi ulikuwa umedhoofika sana, na pengo hilo ndilo Walter Gropius alilotaka kuliziba alipoanzisha chuo cha Bauhaus huko Weimar, Ujerumani, katika mwaka wa 1919.

Kila mwanafunzi, kabla ya kuingia karakana yoyote, alipaswa kupitia mafunzo ya awali. Mwalimu wa kwanza wa mafunzo hayo, Johannes Itten, alikuwa amewahi kuwa mwalimu wa watoto huko Uswisi, naye alilelewa katika mawazo ya Friedrich Froebel. Mtu huyu Froebel ndiye aliyefungua shule yake ya watoto wadogo katika mwaka wa 1837, akawapa vipande vya mbao, vijiti na karatasi za kukunja. Na si jambo la kupuuzwa kwamba yeye mwenyewe alikwenda Frankfurt katika mwaka wa 1805 kwa nia ya kusomea usanifu wa majengo. Basi mazoezi ya Bauhaus, ambayo wengi waliyadhani kuwa mapya kabisa, yalikuwa na babu yake katika chumba cha watoto.

Itten aliondoka katika mwaka wa 1923. Mazoezi ya vifaa yakaangukia mikononi mwa László Moholy-Nagy na Josef Albers. Albers, mwana wa mpaka rangi kutoka Bottrop, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajawa mwanafunzi wa Bauhaus akiwa na miaka 32. Kwa kukosa fedha za kununulia vifaa, alikwenda jalalani Weimar kuokota vigae vya chupa, akaviunga kuwa picha za vioo. Umaskini huo uliingia katika mafunzo yake. Darasani mwake vilitumiwa viberiti, nyavu za waya, mabua, nyembe, karatasi za ukutani na magazeti, na sheria yake kuu ilikuwa kwamba kisipotee kitu bure: kifaa kidogo, kazi kidogo, matokeo makubwa.

Hannes Beckmann, aliyekuwa mwanafunzi wake, amesimulia somo la kwanza. Albers aliingia na furushi la magazeti, akawagawia wanafunzi, akawaambia wayageuze kuwa kitu zaidi ya vile yalivyo, wakiiheshimu tabia ya karatasi na ikiwezekana bila gundi wala chombo, kisha akatoka. Aliporudi baada ya saa kadhaa alikuta ngome, mashua, ndege na wanyama. Vyote hivyo alivikataa, kwa kuwa vingeweza kutengenezwa vizuri zaidi kwa vifaa vingine. Halafu akakinyanyua kitu kilichoonekana duni kuliko vyote: karatasi iliyokunjwa tu kwa urefu, mkunjo baada ya mkunjo, ikasimama kama kiwambo. Huyu, alieleza, ndiye aliyeielewa karatasi. Maana kitu kilegevu kimekakamaa kwa kukunjwa, nacho chasimama juu ya ukingo wake, sehemu iliyo nyembamba kuliko zote.

Msomaji wa Kiswahili ana neno moja lisaidialo kuona tofauti iliyokuwapo hapa. Mfano ni sura ya kitu kingine. Na mfano tena ni kimoja miongoni mwa vitu vya jinsi yake, kitolewacho ili kuzieleza tabia zao. Ile ngome ya gazeti ilikuwa mfano kwa maana ya kwanza, karatasi iliyojisingizia kuwa jiwe. Kile kiwambo kilikuwa mfano kwa maana ya pili. Hakikuwakilisha kitu, kilikuwa karatasi inayofanya kazi ya karatasi. Vyuo vingi vilivyoiga mazoezi haya baadaye vimeisahau tofauti hiyo, na wanafunzi wao hukata kadibodi nyeupe ambayo leo ni saruji, kesho ni mti, na wala haifundishi habari za kimojawapo.

Hata hivyo mazoezi haya yana mpaka wake, na wafuasi wa Albers hawakuutaja mara nyingi. Galileo Galilei alionyesha katika mwaka wa 1638 kwamba kitu kikikuzwa mara 10 kwa kila upande, uzito wake huzidi mara 1,000, hali eneo la mkato wake, ambalo ndilo lenye kuubeba uzito huo, huzidi mara 100 tu. Kwa hiyo kilichosimama mezani chaweza kuanguka uwanjani. Antoni Gaudí alipata njia ya kuupita mpaka huo alipokuwa akilisanifu kanisa la Colònia Güell karibu na Barcelona. Alitundika nyuzi zenye vifuko vya marisau, kwa kipimo cha 1 kwa 10, na umbo la nyuzi zile likipinduliwa lilimwonyesha njia ya matao. Njia hiyo yafaa kwa sababu usalama wa tao la mawe hutegemea umbo lake zaidi ya nguvu ya jiwe lenyewe, na umbo halibadiliki likikuzwa. Karatasi iliyokunjwa haina bahati hiyo. Kuta za saruji zilizokunjwa za ukumbi wa mikutano wa Unesco huko Paris, uliokamilika katika mwaka wa 1958, zatumia kanuni ileile. Marcel Breuer, mmoja wa waliousanifu, alisoma Bauhaus. Lakini pamoja naye alikuwapo mhandisi Pier Luigi Nervi, na unene wa saruji haukupatikana kwa kukunja karatasi.

Jambo la ajabu ni kwamba Bauhaus yenyewe, yenye neno la ujenzi katika jina lake, haikuwa na idara ya usanifu wa majengo hata mwaka wa 1927, chuo kilipokwisha kuhamia Dessau. Idara hiyo ilidumu miaka sita tu. Chuo kilifungwa Dessau katika mwaka wa 1932, na Berlin katika mwaka wa 1933, chini ya shinikizo la Wanazi. Mwaka huohuo Albers alikwenda Marekani kufundisha Black Mountain College katika North Carolina, chuo kipya kisicho na fedha. Huko viberiti na nyembe vilipata wenzao, kwani wanafunzi waliokota msituni magome ya miti na majani makavu, wakayaleta darasani.