Mashamba Ukutani: Picha za Jumba la Siena

Katika nchi ya Italia uko mji uitwao Siena, uliojengwa juu ya vilima, na katikati yake liko jumba la serikali ya mji. Tangu mwaka 1287 mji huo ulitawaliwa na baraza la watu tisa, wengi wao wafanya biashara. Walikaa madarakani miezi miwili tu, wakilala mumo humo jumbani, kisha wakaingia wengine. Baraza hilo lilimwajiri fundi wa Siena, Ambrogio Lorenzetti, achore kuta za chumba chao cha shauri, naye akaifanya kazi hiyo katika miaka ya 1338 na 1339.

Tungedhani atachora wafalme na vita. Lakini ukuta mmoja aliujaza mji wenyewe, na nje ya lango lake vilima na mashamba ya nchi ile. Humo wako wakulima wanaovuna ngano, wengine wanapura, wengine wanalima na kupanda, kana kwamba majira yote ya mwaka yamekutana siku moja. Punda wamebeba mizigo kwenda mjini. Mtu anaswaga nguruwe wake. Mabwana wanatoka kuwinda, wamepanda farasi. Kando ya njia ameketi mwombaji, nasi twamsifu fundi kwa kutomficha.

Juu ya lango anaruka mwanamke mwenye mabawa, jina lake Usalama. Mkono mmoja ashika waraka usemao kwamba kila mtu aenende bila hofu, alime na kupanda. Mkono wa pili ashika mti wa kunyongea, na mtu ananing'inia. Waraka ule ni wa Kiitalia cha watu wa mji, si Kilatini cha wasomi.

Ukuta wa pili yuko dhalimu mwenye pembe. Huko Hofu ndiyo irukayo, na upanga mkononi. Askari wanazunguka, nyumba zinaungua, wala hakuna avunaye. Basi kila walipogeuka, wale tisa waliona shauri lao laweza kuyafanya nini mashamba yaliyowalisha. Kweli walijisifu pia, maana wao ndio waliolipa.

Mwaka 1348 tauni iliua watu wengi sana mjini, na yaaminika Lorenzetti alikuwa mmoja wao. Mwaka 1355 baraza la watu tisa likapinduliwa. Picha zingalipo, ukuta wa udhalimu ndio ulioharibika zaidi.