Pampu ya umeme ya mafuta (ndege ndogo)

Pampu ya umeme ya mafuta ni kifaa kinachosukuma petroli kutoka kwenye tangi hadi injini ya pistoni ya ndege, kikisaidia pampu inayoendeshwa na injini yenyewe. Piper Cherokee, yenye mabawa chini ya injini, huihitaji wakati wa kuruka, kutua na kubadili tangi. Cessna 172 ya kabureta haina, kwani mafuta hushuka yenyewe kutoka mabawani. Kwenye joto la Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, petroli iliyobaki katika mirija ya injini iliyozimwa punde huweza kugeuka mvuke. Rubani wa Cessna 206, isiyo na kabureta, huiwasha pampu kwa muda mfupi ili kuuondoa mvuke huo. Ikizidishwa, injini hufurika mafuta na kukataa kuwaka.