Mfupa Unapoipigia Kelele Figo

Kama unakaa Miyuji, huenda unamfahamu mtu anayevuka jiji la Dodoma kila wiki kwenda kusafishwa damu. Umeshajiuliza kwa nini anaambiwa apunguze dagaa, maharage na soda nyeusi? Sababu mojawapo ni fosfeti: figo zikichoka, haitoki vizuri mwilini.

Sasa, nani huiambia figo itoe fosfeti? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1937, daktari wa Marekani Fuller Albright aliandika kuhusu kijana mwenye matege yasiyopona kwa dozi ya kawaida ya vitamini D. Baadaye ikajulikana kwamba wagonjwa wa aina hii hupoteza fosfeti kwenye mkojo. Lakini kwa amri ya nani?

Jibu lilitokea mlango mwingine kabisa. Mwaka 1974, Denis Gospodarowicz alichuja kutoka kwenye ubongo na tezi ya pituitari ya ng'ombe protini inayofanya seli ziitwazo fibroblasti zigawanyike. Ikaitwa kichocheo cha ukuaji wa fibroblasti, kwa kifupi FGF. Ndugu zake wakaendelea kupatikana, na binadamu tuna jeni 22 za ukoo huu. Jina likabaki lilelile, hata kwa ndugu wenye kazi nyingine.

Mmoja wao ni FGF23, aliyepatikana mwaka 2000. Hutengenezwa kwenye mfupa, husafiri na damu, na huiambia figo: mwaga fosfeti. Figo humsikia kwa msaada wa protini nyingine, Klotho, iliyogunduliwa Japani mwaka 1997. Kumbe mfupa nao hutoa homoni!

Figo zikianza kuchoka, FGF23 hupanda mapema, hata kabla fosfeti haijaongezeka kwenye damu. Ni kama mfupa unazidi kupaza sauti kwa asiyesikia. Na kelele hizo zina gharama: mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba FGF23 nyingi inaweza kunenepesha misuli ya moyo wa panya.

Utasema, basi tuizuie. Kwa matege ya kurithi inawezekana: dawa ya burosumab iliidhinishwa mwaka 2018. Lakini panya wenye figo mbovu walipozuiliwa FGF23, katika utafiti wa mwaka 2012, fosfeti ilipanda, mishipa ikajaa chokaa na vifo vikaongezeka. Kelele zilezile zilikuwa zinawakinga pia.

Kwa hiyo dawa yenyewe ni figo inayosikia. Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, ikishirikiana na madaktari wa Tokushukai kutoka Japani. Figo mpya ikifanya kazi vizuri, FGF23 hushuka sana.

Lakini si kila mtu atampata ndugu wa kumpa figo. Kama una presha au kisukari, usisubiri miguu ivimbe: omba kupimwa kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo. Figo ikichoka huwa haiumi mapema.