Wapenzi wa Kamange, Wapenzi wa Verne

Mwaka 1863, huko Paris, kilitoka kitabu cha Jules Verne kilichosimulia safari ya watu watatu waliokata bara la Afrika kwa puto. Safari hiyo ilianzia Zanzibar. Dakta Fergusson na wenziwe waliteremka bandarini, wakapokewa na balozi wa Kiingereza, kisha puto lao likapaa kutoka kisiwa kidogo cha Kumbeni. Kisiwa hicho kilichaguliwa kwa sababu wenyeji, kwa mujibu wa hadithi hiyo, walighadhibika waliposikia kuna watu wanaotaka kwenda juu kuyadhuru jua na mwezi. Verne hakupata kuiona Zanzibar. Aliijua kwa kusoma vitabu vya wasafiri, na palipopelea aliziba kwa ubunifu wake. Msomaji wa visiwani hana budi kutabasamu: watu waliouandama mwezi kwa ajili ya saumu na Idi, na mabaharia waliozisoma nyota usiku kucha, hawakuwa na haja ya kuulinda mwezi na puto.

Kitabu hicho kilipotoka, Pemba alikuwako mtu wa miaka 33 aliyekuwa na ubunifu wake mwenyewe. Jina lake Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, ila watu walimjua, na hadi leo wanamjua, kwa lakabu ya Kamange. Alizaliwa mwaka 1830, miaka miwili baada ya Verne, akafariki mwaka 1910, miaka mitano baada ya Verne. Aliishi enzi ambayo karafuu zilikigeuza kisiwa chake, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiongoza kwa zao hilo. Kamange alisifika kwa tungo za mapenzi. Mwenziwe katika fani alikuwa Sarahani bin Matwar, aliyezaliwa mwaka 1841 na kufariki mwaka 1926, na majina yao yamefungamana hata ni nadra kumtaja mmoja bila ya kumtaja wa pili.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa mkungu wa ndizi huenda ikawa kweli. Kwa utungo, methali hii ina walakini. Mtunzi akishafariki, utungo wake hauna miguu. Huenda tu pale unapochukuliwa, na wachukuzi wake ni wapenzi.

Wapenzi wa Verne walikuwa na nyenzo nyingi. Vitabu vya bwana wao vilikwisha pigwa chapa kwa wingi na kufasiriwa kwa lugha nyingi angali hai. Mwaka 1935, miaka 30 baada ya kifo chake, wasomaji waliompenda waliunda jumuiya huko Paris, wakatoa jarida lao, wakajadiliana juu ya tarehe, ramani na hesabu za safari zake za kubuni. Nyumba aliyoishi Amiens imekuwa jumba la makumbusho. Hata mswada wake mmoja kuhusu Paris ya karne ya 20, uliokuwa umekataliwa na mchapishaji, ulikutwa na kitukuu wake ndani ya sefu na kuchapishwa mwaka 1994. Sefu ilikuwa imeuhifadhi kwa miaka mingi.

Pemba hapakuwa na sefu. Palikuwa na vifua vya watu na karatasi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, nazo zilikuwa na maadui wawili, mchwa na unyevu. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa utungo alikuwa umbile la utungo wenyewe. Shairi la mizani 16 kwa mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, lenye kina cha kati na kina cha mwisho, ni kama jahazi lililopigwa kalafati: maji yakiingia, huonekana yanapoingilia. Mghani akiruka silabi moja, sikio la mpenzi wa ushairi hushtuka kabla ya akili yake kujua kasoro iko wapi. Barazani ndiko makosa ya namna hiyo yanakorekebishwa, na hakuna anayehitaji kitabu mkononi ili kuyarekebisha.

Hata hivyo, mlinzi huyo ana usingizi wake. Mizani huhesabu silabi, haiulizi maana. Aliyesahau neno akaweka jingine lenye silabi zile zile na kina kile kile hupita salama, na pengine huonekana amepatia. Ndivyo beti moja inavyopata sura mbili, kila sura na watu wake wanaoapa kuwa ndiyo ya asili. Kubishana kwao si upuuzi. Neno linapopata mtu wa kuligombea, basi bado lina mwenyewe.

Maandishi nayo yalimhitaji mpenzi huyo huyo. Alifu-be-te za Kiarabu hazina herufi ya P, wala ya V, wala ya CH. Waandishi wengi wa Kiswahili walitumia herufi moja kwa sauti mbili, na aghalabu B ilisimama pia pahala pa P. Anayeshika karatasi kongwe bila ya kupata kuusikia utungo ukighaniwa, mara nyingi hukisia. Anayekumbuka sauti husoma. Karatasi na kumbukumbu vilikuwa macho mawili ya uso mmoja.

Kisha mambo mawili yakayatia kiza macho hayo. Skuli za wakoloni zilisomesha kwa herufi za Kilatini, wakatokea wajukuu wasioweza kusoma mkono wa babu zao. Na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilipokuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, lahaja za Pemba zilibaki za nyumbani na shambani. Neno lililokuwa wazi kwa Kamange likawa fumbo kwa mwanafunzi wa Chake Chake aliyefaulu Kiswahili kwa alama za juu. Mwaka 1958 W. H. Whiteley alichapisha utafiti wake juu ya lahaja na ushairi wa Pemba, kazi yenye faida kubwa. Lakini ilikuwa kwa Kiingereza, na waliomjua Kamange kwa moyo si wote waliokijua Kiingereza.

Ilipasa kungoja hadi mwaka 2011, miaka 101 baada ya kifo chake, ndipo kilipotoka Dar es Salaam kitabu Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota. Tungo zilikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na mhariri alikuwa Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyeandika Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni. Si serikali iliyowatuma, wala soko halikuwaita. Waliyapenda maneno hayo, wakaona haya yasizikwe pamoja na wanaoyakumbuka.

Sasa kitabu kipo, na hilo ni jambo la kushukuru. Hatari yake ni kuwa watu wataliacha baraza wakidhani kazi imekwisha. Kitabu huhifadhi neno. Lafudhi, mahadhi na kituo cha pumzi havichapiki. Wapenzi wa Verne wanaweza kumsoma kila mtu peke yake, kimya, chumbani, na hadithi isipungue. Kamange alitunga kwa ajili ya sauti. Pemba ingali na wazee wanaojua beti zake zilivyoghaniwa, na ingali na vijana wenye masikio. Kinachotakiwa ni wakutane kabla ya magharibi, mmoja aghani, wa pili amkosoe.